"Cashew" haikuzaliwa na "cash": jibu kwa wabanguaji wa Newala

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama wa Newala. Tunabangua korosho, tunazikaanga na chumvi kidogo, tunazifunga kwenye vifuko na kuziuza Mtwara mjini na Mikindani, hasa kwa wageni. Kijana aliyetutengenezea lebo ameandika RAW CASHEW FRUIT kwa herufi kubwa. Sisi Kiingereza chetu ni cha kuombea maji, tukakubali. Mgeni mmoja akasoma akauliza matunda yako wapi. Mwingine akauliza kama bado zina maganda, akarudisha kifuko. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema wamefundishwa shuleni kwamba cashew imetokana na cash, yaani zao la fedha, kwa hiyo lebo haina kosa. Jirani yetu anasema hapana, hilo ni neno la Kihindi. Neno hili maana yake hasa ni nini, na limetoka wapi? Na bibo, lile tunda lenye maji linaloishika korosho, kwa Kiingereza linaitwaje, maana tunataka kuanza kukausha mabibo? Lebo tumeshachapisha nyingi, tunaogopa hasara."

JIBU: Marahaba, mama, na salamu zangu ziwafikie wenzako wote wa kikundi. Naona maswali ni mengi lakini linalowanyima raha ni hilo la mwisho, kwa hiyo nianze nalo: msitupe lebo. Neno "cashew" lenyewe liko sawa. Yenye kasoro ni maneno mawili yaliyolizunguka, "raw" na "fruit", na hayo yanazibika kwa stika ndogo. Wageni wenu wawili hawakuwa wasumbufu. Kila mmoja alisoma Kiingereza kama kilivyoandikwa akaelewa kitu ambacho hamkukusudia. Nitaeleza kwa nini, ila inabidi nipitie kwenye asili ya neno kwanza, kwa sababu kosa la lebo yenu limejificha humo.

Tuanze na "cash". Maelezo ya binti yako yanaenea sana, na naelewa kwa nini yanapendeza kwetu Kusini. Ada ya shule, bati za nyumba, harusi na deni la dukani, vyote husubiri korosho ziende ghalani na mnada utangazwe. Mtu akisikia kwamba Waingereza waliliita zao hili kwa jina la fedha, anaona ni haki yake. Herufi nazo zinashawishi, maana nne za mwanzo za "cashew" ni zilezile za "cash". Hata Kerala, kusini mwa India, ambako korosho ni riziki kama kwetu, husimuliwa hadithi ya aina hiyo: kwamba wauzaji waliwaambia wageni kwa lugha yao "nane kwa sarafu moja", na wageni wakaokota jina hapo. Inasimulika vizuri, lakini asili ya neno haipimwi kwa jinsi hadithi inavyotuingia moyoni. Inapimwa kwa kuuliza nani alilitamka kwanza, wapi, na likapita midomo ya nani kabla ya kufika kwa aliyelitumia baadaye. Ukiuliza hivyo, "cash" na "cashew" zinaachana njia kabisa.

"Cash" imetoka Ulaya. Iliingia kwenye Kiingereza kutoka Kifaransa na Kiitaliano, ambako neno lake la asili lilikuwa na maana ya sanduku, hasa sanduku la kuwekea fedha, na nyuma ya hayo yote kuna Kilatini "capsa". Baadaye maana ikahama kutoka kwenye sanduku ikaingia kwenye kilichomo. Sasa sikiliza hili, maana linatuhusu: Wareno nao walirithi neno hilohilo la Kilatini wakalisema "caixa", wakatuletea pwani, nasi tukapata "kasha". Kwa hiyo "cash" ina ndugu kwenye Kiswahili, na ndugu huyo ni kasha la bibi la kuwekea khanga. Na korosho haimo katika ukoo huo.

"Cashew" ilianzia ng'ambo ya bahari nyingine. Mkorosho asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili. Wenyeji wa pwani ile waliozungumza Kitupi waliliita tunda lake "acajú". Wareno walipofika huko karne ya 16 walilichukua jina pamoja na mti, wakaangusha "a" ya mwanzo, likabaki "caju". Wafaransa waliofika pwani hiyohiyo walisikia na kuandika "acajou", na katika miaka ya 1550 msafiri wa Kifaransa André Thevet aliueleza mti huu katika kitabu chake pamoja na picha ya watu wakichuma matunda yake. Hapo Waingereza walikuwa hawajawa na neno lolote la korosho. Walilipata baadaye, kwa Wareno na Wafaransa.

Na "sh" ilitoka wapi? "J" ya Kireno katika "caju" haisikiki kama "j" yetu ya jembe. Ni sauti laini iliyo karibu na "sh", ila koo linatetemeka. Kila lugha iliyoipokea ilitafuta sauti ya kwake iliyo karibu nayo. Wahindi waliiweka "j" kamili wakasema "kaju". Kiswahili kiliipachika "n" mbele, likawa "kanju", na mti ukawa "mkanju". Maneno hayo bado yamo kwenye kamusi zetu na vinywani mwa baadhi ya wazee wa pwani, ingawa "korosho" na "mkorosho" ndiyo yaliyoshinda. Waingereza walichagua "sh", kisha mwisho wakauandika "-ew" kama wanavyoandika "few" na "new". Mwonekano wa "cash" ndani ya "cashew" umetokana na tahajia hiyo tu.

Kuhusu jirani yenu, asichekwe. "Kaju" ni Kihindi kweli, na wenye maduka ya Kihindi Mtwara na Lindi wamelitumia tangu zamani. Ila Wahindi nao walilipokea kwa Wareno, walioupeleka mkorosho Goa, koloni lao la India, katika karne hiyohiyo ya 16 na kuupanda pia pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo "cashew", "kaju" na "kanju" ni ndugu wa baba mmoja Mtupi, waliolelewa na Wareno.

Niongeze jambo dogo ambalo huwa nafurahi kuwaambia watu wa Kusini. Watupi na jamaa zao wametuachia maneno zaidi ya hilo, na mengine tunayala kila siku. Nanasi limetokana na jina la tunda hilo katika lugha za huko, likapita kwa Wareno. Maneno ya Kiingereza "manioc" na "tapioca", yote mawili ya muhogo, ni ya Kitupi. Na mpaka leo, katika Kireno cha kaskazini mashariki mwa Brazili, "caju" linaweza kumaanisha mwaka wa umri: mtu mwenye "caju" nyingi ni mtu mzima. Waliihesabu miaka kwa misimu ya korosho. Mama wa Newala anayesema mwanawe alizaliwa msimu ule korosho zilipokosa bei hahitaji kutafsiriwa desturi hiyo.

Sasa tuje kwenye maana, ambako ndiko lebo yenu ilikotelezea. Katika safari hiyo jina lilikuja kushika kitu kizima, mti na tunda lake. Kiingereza kilipolichukua kilichukua na mzigo huo wote, kwa hiyo "cashew" peke yake inaweza kuwa mti au korosho. Ili kubainisha, Mwingereza analazimika kuongeza neno la pili: "cashew tree", "cashew nut", "cashew apple", "cashew kernel". Kiswahili hakina shida hiyo. Mkorosho ni mti, korosho ni korosho, bibo ni bibo, na hakuna mtoto wa Newala anayeyachanganya. Kijana wenu alitafsiri "tunda la mkorosho" akapata "cashew fruit", akadhani amesema korosho. Lakini Mwingereza akisikia "fruit" kwenye chakula, anawaza kitu chenye maji na utamu, cha kung'ata. "Cashew fruit" kwake, kama anaujua mti, ni bibo. Ndiyo maana mgeni wenu wa kwanza aliuliza matunda yako wapi.

Mtaalamu wa mimea angeweza kumtetea kijana kidogo. Msimu ukifika simama chini ya mkorosho wako uangalie kishada kimoja kwa makini. Baada ya ua, kinachotangulia ni korosho: kijani, imepinda kama figo, inakua mpaka inafikia ukubwa wake huku kikonyo kilichoishika kikiwa bado chembamba. Baadaye kabisa ndipo kikonyo kinapoanza kuvimba, kinajaa maji, kinageuka chekundu au cha njano, na tunakiita bibo. Yaani bibo, kwa sayansi, ni kikonyo kilichonenepa, na tunda la kweli ni ile korosho inayoning'inia chini yake na ganda lake. Carl Linnaeus, aliyeupa mti huu jina la kisayansi mwaka 1753, aliuita Anacardium occidentale. Ndani ya neno la kwanza kuna "kardia", yaani moyo kwa Kigiriki, na la pili maana yake ni "wa magharibi". Lakini lebo haiandikiwi mtaalamu wa mimea. Inaandikiwa mtu mwenye njaa aliyesimama mbele ya meza yenu na fedha mkononi, na Kiingereza anachokijua ni cha sokoni.

Tena kuna jambo la ziada kuhusu huyo mtu. Bibo likianguka leo, kesho limeanza kuchacha. Haliwezi kupanda meli. Kwa hiyo kwenye nchi ambazo mkorosho hauoti, kitu pekee cha mti huu kilichofika ni kiini cheupe ndani ya pakiti, na neno nalo likanywea mpaka likabaki na maana ya kiini hicho. Mtu wa London au Berlin anaweza kula "cashews" maisha yake yote bila kujua kwamba kuna bibo. Ukivuka Ruvuma kwa Daraja la Mtambaswala utakuta hali imegeuka. Kwa Kireno cha Msumbiji "caju" ni tunda, na korosho lazima uiite "castanha de caju". Ni neno moja, na kila nchi imelikata mahali pake.

Baada ya "fruit", "raw". Nahisi kijana alitaka kusema korosho zenu ni za asili, hazijachanganywa na dawa. Nia yake ilikuwa njema, lakini "raw" haina maana hiyo, na katika biashara ya korosho ina maana mbili zinazopishana vibaya. Kwenye makaratasi ya mnada na ya meli, "raw cashew nuts", ambazo wafanyabiashara hufupisha kuwa RCN, ni korosho ghafi: zile zenye maganda magumu kama mkulima anavyozifikisha AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwenye gunia. Kwenye rafu za maduka ya nje, "raw cashews" ni korosho zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa, ambazo hazijakaangwa wala kutiwa chumvi. Zenu si hizi wala si zile, maana mmezikaanga. Mgeni aliyeuliza maganda alikuwa anaijua maana ya kwanza.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Nyinyi mnalijua ganda la korosho kuliko mimi, maana ndiyo kazi yenu. Mnajua kwa nini mikono hupakwa mafuta au majivu kabla ya kubangua, na ngozi inavyobabuka ukizembea. Ndani ya ganda kuna tabaka lenye vitundu kama sega la nyuki, na humo mnakaa mafuta meusi makali. Ukali wake unatokana na asidi anakadiki na kadoli, kemikali zinazofanana sana na sumu ya mmea wa Marekani uitwao poison ivy, ambao huwawasha watu mpaka wakavimba. Ndiyo sababu korosho hupitishwa kwenye moto au mvuke kabla ya kubanguliwa, na hata zile zinazouzwa kwa jina la "raw" madukani zimeshapashwa moto namna hiyo. Mtu aliyewahi kusoma habari hizi akaona RAW kwenye kifuko kilichofungwa kwa mkono, atakirudisha. Mimi pia ningekirudisha.

Mkitaka kusema ni za asili, msikimbilie "organic". Neno hilo siku hizi lina ukaguzi na hati zake, na kuliandika bila hati ni kujitafutia kesi. "Natural" nayo imechoka kwa kutumiwa ovyo. Semeni kilichomo na kisichomo: korosho na chumvi, basi. Hilo linamridhisha mnunuzi makini kuliko sifa.

"Nut" ni neno la zamani sana la Kiingereza, na halina mwenzake kamili kwetu. Sisi tuna karanga, tuna njugu, tuna korosho, kila kimoja kwa jina lake, hatuna jina moja la kuvikusanya. Mwingereza anavikusanya kwa sura na ugumu wa ganda bila kujali vinakoota, ndiyo maana karanga nayo ni "groundnut", njugu ya ardhini, ingawa ni jamaa ya maharage. Wazee wa Nachingwea wanalikumbuka neno hilo kwa uchungu. Mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, "Groundnut Scheme", ulianza mwaka 1947, ukajengewa bandari ya Mtwara na reli, na mwaka 1951 ukatelekezwa. Korosho, ambayo haikuletewa matrekta kama yale, ndiyo iliyobaki ikitulisha.

Msidhani hili la "nut" ni la wanazuoni tu, maana kuna watu wanaweza kufa kwalo. Wapo ambao miili yao haiivumilii korosho: hata kiasi kidogo huwavimbisha midomo na koo na kuwabana pumzi. Sheria za vyakula za Ulaya na Marekani zinaiweka korosho katika kundi la "tree nuts", na mtu wa namna hiyo hutafuta neno "nut" au "cashew" kwenye pakiti kabla ya kufungua. Pistachio ni jamaa wa karibu wa korosho, kwa hiyo anayedhurika na moja mara nyingi hudhurika na nyingine. Mkiandika "fruit" mmemfichia mtu huyo habari anayoihitaji kuliko zote. Na akitokea mtu mbele ya meza yenu, mgeni au mwenyeji, akala korosho kisha akavimba uso au akaanza kuhema kwa shida, msimpe maziwa na kusubiri. Apelekwe hospitali dakika hiyohiyo.

Sasa tuandike. Kwa korosho mnazouza leo, maneno ya mbele yawe ROASTED AND SALTED CASHEW NUTS, na chini yake kwa Kiswahili "Korosho za kukaanga zenye chumvi". Msiondoe Kiswahili. Wageni wengi hupenda kukiona, na wateja wenu wa Mtwara mjini wana haki ya kusoma wanachonunua. "Roasted" ni ya oveni au sufuria kavu. Kama mnazikaanga ndani ya mafuta, semeni "fried" na mtaje mafuta hayo kwenye viungo. Siku mkiuza zisizokaangwa wala kutiwa chumvi, andikeni "Unroasted cashew kernels" au "Plain cashew kernels", ili mkwepe utata wote wa "raw". "Kernel" ni kiini, na asili yake ni punje ndogo. Angalieni tahajia yake, kwa sababu hutamkwa sawasawa na "colonel", yaani kanali wa jeshi, na hayo mawili hubadilishana kimakosa.

Mtaona "cashewnut" ikiandikwa kama neno moja. Hata Bodi ya Korosho, ambayo makao yake yapo hapo Mtwara, jina lake la Kiingereza limeunganishwa hivyo. Kamusi nyingi hulitenganisha, nami nashauri mlitenganishe, lakini hilo halistahili kuchapisha lebo upya. Kwa wingi ni "cashews" au "cashew nuts". Msiandike "cashews nuts". Kutamka, wengi husema KA-shu kwa kukaza mwanzo, wengine hukaza mwisho, ka-SHUU, na zote zinakubalika. "Kachu" haimo.

Mkianza kupata wanunuzi wakubwa watawauliza daraja. Herufi W mnayoisikia kwenye W240 au W320 ni ya korosho nzima nyeupe, na namba ni idadi ya korosho kwenye ratili moja, yaani gramu 454 hivi. W320 ni kama 300 hadi 320 kwa ratili, W240 ni 220 hadi 240. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, korosho ni kubwa na bei hupanda. Zilizopasuka katikati ni "splits" na vipande ni "pieces". Msiziite "broken" mbele ya mnunuzi wa rejareja, maana neno hilo linaishusha bidhaa ambayo ladha yake ni ileile.

Mabibo sasa. Kwa Kiingereza bibo ni "cashew apple", na hilo "apple" lisiwatishe kwamba mnadanganya watu kuwa ni tufaha. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilitumika kwa matunda kwa jumla, na alama yake imebaki kwenye "pineapple", ambalo mwanzoni lilikuwa jina la koni la msonobari kabla ya kuhamia kwenye nanasi. Bidhaa yenu itakuwa "Dried cashew apple". Kwa kuwa wageni wengi hawajawahi kuliona bibo, hapa wekeni sentensi moja ya maelezo, kwa mfano "the juicy fruit that grows above the cashew nut", na picha ya bibo na korosho yake chini. Picha itawasaidia kuliko maneno. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa likiwa bichi, lakini sehemu yake hupotea kwenye kukausha, kwa hiyo msiandike sifa hiyo kwenye pakiti mpaka mabibo yenu makavu yapimwe. Na ule ukakasi wa bibo, unaoganda kwenye ulimi, upunguzwe kabla ya kukausha. Nendeni Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mkaulize. Wameshughulika na korosho kwa miaka mingi, na mafunzo ya kusindika mabibo ni jambo la kujifunza kwa kuona. Haliwezekani kwa barua.

Hizo lebo zilizokwisha chapishwa, tengenezeni stika ndogo yenye maneno sahihi, ifunike RAW CASHEW FRUIT yote, mzitumie mpaka ziishe. Lakini msichapishe nyingine mpaka mmefika kwa watu wawili ana kwa ana. Wa kwanza ni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaowasaidia wajasiriamali wadogo kupanga bidhaa na kuwatambulisha kunakohusika. Wa pili ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa vyakula nchini. Mimi ni mtu wa lugha, naweza kuwaambia neno gani linasema nini. Wao ndio watakaowaambia lebo lazima iwe na nini: jina la bidhaa, viungo, uzito bila kifungashio, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo. Pelekeni kifuko chenyewe mkononi, si picha ya simu, ili waone na kukipima.

Binti yako mwambie amefanya vizuri kuleta nyumbani alichofundishwa na kukijadili. Asiende kumbishia mwalimu mbele ya darasa. Aende maktaba ya mkoa siku akishuka Mtwara, aombe kamusi kubwa ya Kiingereza inayoonyesha asili ya maneno, atazame "cash" na "cashew" kila moja mahali pake, anakili, kisha ampelekee mwalimu kwa adabu baada ya kipindi. Mwalimu anayeipenda kazi yake atashukuru. Akiwa na kamusi hiyo mkononi atazame na "caju" kama maktaba ina ya Kireno, maana watoto wa mpakani wanayo sababu nzuri ya kujifunza lugha hiyo.

Rasimu ya lebo mpya ikiwa tayari, nitumieni kabla haijaenda kwa mchapaji. Nitaisoma neno kwa neno, Kiingereza na Kiswahili.